Papa Alikunywa Chai ya Kilio Chake

Kaka yangu Sikuli alimuua Papa siku ya Alhamisi, mwezi wa tano, saa ine ya asubuhi, mbele ya wanafunzi mia moja na makumi tatu. Papa mwenyewe saa ile alikuwa nyumbani Katoyi, amekaa kwenye kiti chake cha mbao, anakula maharagwe ya jana. Mimi ndiye nilimupakulia. Aliomba chumvi.

Musinikate maneno, nitaeleza yote. Kila mara nikianza habari hii hasira inanipanda, na watu wanasema Kanyere iko na mudomo mubaya. Sawa, niko nao. Lakini mudomo wangu haujatangaza kifo cha mutu muzima.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alifariki zamani kule Butembo, wakati wa kuzaa, yeye na mutoto. Papa akatuleta Goma, akaanza kazi ya kuvunja mawe. Muji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na kila mwenye kujenga anataka kokoto. Papa alikuwa anakaa chini ya kipande cha turubai ya shitingi toka asubuhi mpaka jua linazama, nyundo mukononi, anavunja jiwe kubwa kuwa dogo, na dogo kuwa kokoto. Lundo likifika kiuno cha mutu, anauza kwa wenye malori. Jina lake Donat Mumbere. Mulishike hilo jina.

Pesa ya kokoto ilitosha kusomesha mutoto mumoja tu. Mimi nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, wa kwanza darasani, mbele ya vijana wote wenye kujidai. Sikuli alikuwa amemaliza, anataka kuingia chuo. Papa akaniita, akaangalia chini, akasema: "Kanyere, mama, wewe utaolewa." Basi. Nikaweka madaftari ndani ya mufuko, nikaanza kukaanga mandazi na kuyauza kwenye soko la Murara. Sijaolewa mpaka leo, kama munataka kujua.

Haki ya mutu apewe: Sikuli hakuwa muvivu. Kama kungekuwa na duka la kuuza mbinu za kusoma chuo bila pesa, yeye angekuwa tajiri. Syllabus moja, kitabu cha masomo cha profesa, ilikuwa dola kumi na tano, na hakuna mutu wa kukopesha. Basi Sikuli na wenzake wane walikuwa wananunua moja, wanaipasua vipande vitano, kila mutu anakaa na kipande chake juma moja, anakopi kwa mukono, halafu wanabadilishana. Mara moja mwenzao mumoja alienda nayo Sake kwa shangazi yake na sura ya tatu ikaliwa na mbuzi. Walifanya examen bila sura ya tatu. Kwenda chuo alikuwa anatembea kwa miguu, viatu ndani ya mufuko ili soli isiishe, anavivaa akifika kwenye mulango. Mchana alikuwa anafundisha hesabu watoto wa mwenye duka mumoja wa Murara, na malipo yake ni sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza. Siku ya posho, Jumamosi, anaosha moto za watu, zile pikipiki, kando ya ziwa. Mimi nilikuwa kwenye likirimba na wamama kumi, kila juma tunachanga, mumoja anabeba. Zamu yangu ikifika, pesa inapita mukononi mwangu tu kama maji, inaenda kulipa minerval ya Sikuli, ile karo ya chuo. Miaka mitatu ilikuwa hivyo, na tulikuwa tumebakiza miezi michache tu.

Halafu vita ikaingia muji, mwezi wa kwanza. Munaijua, sitaieleza. Benki zikafunga, wenye pesa wakaenda, na mutu gani atajenga nyumba wakati hajui atalala wapi? Malori hayakuya tena kuchukua kokoto. Papa akaendelea kuvunja.

"Papa, nani atanunua?"

"Vita itaisha, Kanyere. Watajenga. Watakuta kokoto iko tayari."

Lundo likafika kiuno, likafika kifua, likafika kichwa. Hakuna aliyenunua ata ndoo moja. Na vumbi la mawe likawa limeingia ndani ya kifua chake, akikohoa anashika ukuta.

Deni la chuo lilikuwa limebaki dola mia mbili na makumi sita. Wakatangaza: mwenye hajalipa mpaka siku ya Ijumaa, hataandikwa kwa examen za mwisho. Atarudia mwaka muzima na kulipa mwaka muzima. Kwetu kurudia mwaka ni maneno ya kinywa tu, pesa hiyo ingetoka wapi? Angeacha. Masomo yangu mimi, mandazi yangu, kifua cha Papa, yote ingekuwa imeenda bure. Tulikuwa tunajua hivyo sisi watatu.

Sasa musikilize. Wanafunzi wa mwaka wao walikuwa na desturi, na ilikuwa desturi nzuri. Mumoja wao akifiwa, kila mutu anatoa franga elfu tano, dada mumoja anaitwa Bénita anaandika na kukusanya, na mukubwa wa darasa, Théoneste, anapeleka kwa mufiwa. Lakini kwa baba, mama, bwana ao bibi, na mutoto tu. Mujomba hapana, shangazi hapana, ndugu ya baba hapana. Goma hii kila mutu iko na wajomba kama mawe, caisse, ule mufuko wa michango, ingeisha kwa juma moja. Tena baba ni mara moja, mama ni mara moja. Na walikuwa wakali. Mwaka wa nyuma kijana mumoja alisema mama yake amekufa, wakamukuta yule mama sokoni anauza mboga za lenga-lenga. Mukuu wa kitivo alifuta mwaka wake wote. Yule kijana leo anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo.

Sikuli alikuwa amechangia vifo kumi na saba vya wengine. Alivihesabu. Mama yetu alikuwa amekufa zamani, caisse haikuwako. Kwa hiyo ile Alhamisi akasimama mbele ya auditoire, ule ukumbi wa masomo, akasema amepigiwa simu toka Butembo, baba yake amefariki, na njia imefungwa, hawezi kwenda kumuzika. Watu wakalia. Kesho yake, saa sita ya mchana, Bénita akamupa dola mia mbili na makumi nane, maana wengine waliongeza kwa kumuhurumia. Akaenda mbio kulipa.

Jioni akaingia nyumbani na karatasi yenye muhuri. Papa hajui kusoma, lakini muhuri anaujua. Aliushika kwa vidole viwili, akaubusu.

"Pesa umetoa wapi?"

"Wenzangu wamenisaidia, Papa."

"Mungu awabariki," Papa akasema. "Awalindie wazazi wao wote, wasikufe mbio."

Sikuli hakula siku ile. Mimi nilidhani ni furaha.

Siku ya posho asubuhi akaniita inje, kwenye pipa la maji. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. "Kanyere, kesho wenzangu wanakuya hapa. Kwa kilio."

"Kilio cha nani?"

Akaniambia. Nilimupiga kofi, tena nikamupiga la pili, na bado mukono ulikuwa unaniwasha. Nikamuambia: "Wewe mushenzi! Baba yako iko pale ndani anafunga kamba ya kiatu!"

"Kanyere, taratibu, atasikia. Sikia mimi. Nimefikiri hivi: kesho aende Kibati kwa shangazi, arudi jioni. Wewe utamuambia shangazi ni mugonjwa."

"Umuue wewe, halafu mimi nimupeleke? Hapana, ndugu yangu. Wewe mwenye ulimuua, ingia umuambie."

Akaingia. Mimi nikabaki mulangoni, maana nilitaka kuona. Sikuli akapiga magoti, akasema yote, sauti yake inakatika-katika. Papa alisikiliza na kamba ya kiatu mukononi. Nilikuwa nangoja amupige. Kweli ya Mungu, nilikuwa nataka.

"Nilikufa na nini?" Papa akauliza.

"Presha, Papa."

"Iko sawa. Presha inauaga mbio. Walinizika?"

"Jana. Butembo."

"Na wewe ulilia?"

"Nililia, Papa. Nililia kweli."

Papa akaanza kucheka, kicheko kikamuletea kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakatoka, na sisi hatukujua machozi ni ya nini. Halafu akauliza walitoa pesa ngapi. Sikuli akasema. Papa akafikiri kidogo. "Toka mwezi wa kwanza nimevunja mawe na sikupata ata dola moja," akasema. "Kumbe nilipaswa tu kukufa."

Sikuli akamuambia habari ya Kibati. Papa akatikisa kichwa. Njia ya Kibati ina watu wa bunduki, na kifua chake hakitaki kutembea. Lakini haikuwa hiyo tu. "Watu watoke chuo, wakuye kutoa pole, wakute watoto wawili peke yao? Kilio bila muzee wa kupokea wageni? Watasema Donat alikuwa mutu bila ukoo." Alikuwa na hasira kweli, juu ya heshima ya kilio chake. "Nitawapokea mimi. Nitakuwa Gauthier."

Gauthier alikuwa mudogo wake. Walimuua kule Beni, shambani, miaka minane imepita. Wanafunzi hawakumujua yule, wala hawakumujua Papa, maana Sikuli hakuwa analeta watu kwenye nyumba yetu ya mbao. Majirani tukawaambia habari mpya ya ukoo imefika toka Butembo, kuna kifo, tunakaa kilio. Mama Fabiola, jirani yetu, hakuuliza ata kifo cha nani. Alileta viti, alileta sufuria kubwa, akaanza kulia ata hajakaa. Kuna watu wameumbwa kwa vilio.

Wakakuya siku ya mungu, Jumapili, kisha misa kuisha. Walikuwa kama makumi tatu, wamevaa vizuri, na kilo kumi za muchele, sukari na majani ya chai. Papa alikuwa amekaa mbele, koti lake la misa begani, kofia mukononi. Kila mutu alimushika mukono, akasema pole kwa kifo cha ndugu yake, na kila mara Papa alijibu: "Aksanti, mutoto wangu. Ni mapenzi ya Mungu." Nilikuwa nagawa chai huku namuangalia Papa, nikamumwangia kijana mumoja kwenye suruali. Akasema si kitu, dada, uko na huzuni.

Hapo Mama Fabiola akaingia na thermos ya pili, akasema kwa sauti yake ile ya sokoni: "Papa Sikuli, kunywa basi, toka asubuhi haujaweka kitu mudomoni!"

Bénita akageuza kichwa. Ni dada mwenye macho mbio, yule. Akamuangalia Papa, akamuangalia Sikuli, na Sikuli uso ulikuwa umekuwa rangi ya majivu. Mimi nikashika sufuria kwa nguvu. Nilisema moyoni, imeisha, mwaka umefutwa.

Papa akapokea kikombe polepole. "Kwetu, dada yangu," akamuambia Bénita, "ndugu ya baba ni baba. Toka juzi ni mimi ndiye Papa Sikuli."

Bénita akainamisha kichwa, akaomba radhi. Papa akakunywa chai ya kilio chake, sukari vijiko vitatu.

Mama Fabiola aliporudi jikoni kwake, Théoneste akasimama. Kijana mwenye adabu, mwenye Kifaransa kingi. Akasema hawakubahatika kumujua marehemu, basi wanamuomba muzee awaelezee kidogo alikuwa mutu wa namna gani, ili wamuombee wakijua wanamuombea nani. Sikuli akaanza kusema muzee amechoka. Papa akamunyamazisha kwa mukono, akasimama, akashika mugongo wa kiti.

"Donat alikuwa mukubwa wangu," akasema. "Hakuwa mutu wa ajabu. Alivunja mawe. Hakujua kusoma, lakini jioni alikuwa anashika madaftari ya mutoto wake, anayafungua, anaangalia, anayafunga. Mutoto alidhani baba anakagua. Alikuwa anaangalia tu wino, juu alifurahi kuuona. Alipenda huyu Sikuli kupita kipimo. Mutu akipenda kupita kipimo anaibia wengine, na Donat aliiba."

Akakohoa.

"Alikuwa na binti. Binti alikuwa na akili kushinda kijana, Donat alijua, walimu walimuambia. Akamutoa kwenye masomo. Akasema ataolewa. Alisema vile juu hakuwa na pesa, na aliona haya kusema hakuna pesa. Hakumuomba musamaha mpaka amekufa. Alikuwa anaona haya. Kila siku akila mandazi ya yule binti anaona haya. Basi mimi ndugu yake ninaomba musamaha kwa jina lake, maana yeye hawezi tena."

Hakuniangalia. Niliweka sufuria chini, nikatoka, nikaenda nyuma ya lundo la kokoto, nikalia kwa sauti mpaka koo ikakauka. Bénita alinifuata, akanikumbatia. "Lia, dada yangu," akasema. "Baba ni mumoja tu." Ningeweza kumusukuma. Nilimushika na mikono miwili.

Walipoenda, Papa akavua koti, akalikunja, akasema kilio kilikuwa kizuri, muchele ni wa juma mbili. Ile hotuba hakuirudia tena, na mimi sikumuuliza. Lakini asubuhi yake aliniita Kanyere, akashika andazi, akanitazama machoni akalila. Ilitosha. Ile hasira ya miaka mitatu ilipungua nusu, na nusu nyingine nikamuwekea Sikuli.

Maana kufa si kazi ya siku moja. Papa alipaswa kubaki amekufa. Wenzake Sikuli wako wengi muji huu, kila kona iko mumoja. Barabarani Papa aliitwa Papa Gauthier, akaitika. Mara moja kwenye soko la Murara Théoneste alimulipia nauli ya moto, kwa heshima ya marehemu. Papa alirudi amejikunja mabega. "Yule kijana ni muzuri," akasema, "na mimi namudanganya ata nikimusalimia." Siku ya kutangaza matokeo, mwezi wa nane, alikuya na koti lake, akasimama nyuma kabisa. Walisoma jina la Sikuli, na distinction, zile alama za juu. Papa alipiga vigelegele kama mwanamuke, watu wakageuka kucheka. Théoneste akakuya kumukumbatia: "Papa Gauthier, ndugu yako angekuwa hapa leo!" Papa akasema, "Iko hapa, mutoto wangu. Anaona." Sikuli alikuwa amesimama pale karibu, amevaa tai ya kuazima, anasikia yote.

Wahenga walisema lenye kusemwa liko, na kama haliko linakuya. Kifua cha Papa kilifunga mwezi wa kumi. Tulimupeleka hospitali kwa moto, mimi nyuma yake nimemushika asianguke. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi, na tulimuleta kisha wakati kupita. Alikaa siku tano. Siku ya ine alikuwa anapumua kwa shida, kila neno linamugharimu, akatuita wote wawili.

"Sikuli. Diplome imetoka?"

"Bado, Papa. Wanasema mwezi wa kumi na mbili."

Papa akafunga macho akipiga hesabu. Alikuwa anavunja hesabu vilevile, kidogo kidogo. "Wenzako watakuya kuzika," akasema. "Musalaba muandike Gauthier."

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka. "Papa, hapana! Uliishi kwa jina lako, utazikwa kwa jina lako. Diplome yake ikufe!"

"Kanyere, mama." Alinishika mukono, mukono wake ulikuwa mugumu kama jiwe mpaka siku ile. "Niliilipa mara mbili. Usiimwange."

Sikuli alikuwa ameficha uso ndani ya shuka ya kitanda. Kesho yake saa tatu ya asubuhi Papa akafariki, na nilikuwa nje natafuta chai.

Bili ya hospitali na sanduku vilitushinda. Nikamuambia Sikuli: nenda kwa wenzako. Akaenda. Bénita alisikitika sana, lakini akafungua daftari, akamuonyesha. Jina la Sikuli, baba, mwezi wa tano, imelipwa. Ndugu ya baba haiko kwa sheria. Walichanga wachache, kwa moyo wao tu, ikatoka dola kumi na nane. Tuliuza kokoto. Lile lundo lote, urefu wa mutu, mwenye lori mumoja alilichukua kwa bei ya kuonea, na ndiyo ilinunua mbao za sanduku.

Tulimuzika kwenye makaburi ya upande wa Kibati. Kule chini ni mawe matupu, vijana wa kuchimba walipiga nyundo siku moja na nusu, na shimo bado lilikuwa fupi. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza zile nyundo. Wenzake Sikuli walikuya saba, na Théoneste na Bénita kati yao. Musalaba ulikuwa pale umeegemea jiwe, rangi nyeupe, herufi nyeusi: GAUTHIER. Majirani tuliwaambia ni jina lake la utoto. Mwenye kuandika aliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nilimupa wa Papa.

Katekista, muzee Josias, akafungua kitabu. Akasoma jina kwenye musalaba, akasema tumuombee ndugu yetu Gauthier, Mungu amupokee Gauthier, Gauthier apumzike. Mara ya tatu Sikuli akaanguka. Sijasema alipiga magoti, alianguka, kifua kwenye mawe, akaanza kulia: "Papa! Papa wangu! Papa!" Alikuwa anakwaruza udongo na kucha, vijana wawili walimushika akawashinda. Alilia mpaka katekista akafunga kitabu na kungoja. Mimi nilisimama nikimuangalia. Nilisema moyoni, sasa sema. Sema jina lake, mara moja tu, nami nitakusamehe. Mbele ya hawa saba.

Hakusema. Alilia Papa, Papa, basi.

Bénita akasogea karibu yangu, akajipangusa macho, akaninong'oneza sikioni: "Dada, unajua? Siku alifiwa na baba yake mwenyewe, hakulia hivi."

Nilitaka kumujibu. Nilifungua mudomo, huu mudomo wangu mubaya. Halafu nikaona Sikuli ameinua kichwa, ananitazama, uso umejaa vumbi la mawe.

"Kwetu," nikamuambia Bénita, "ndugu ya baba ni baba."

Akatikisa kichwa, akanishika bega. Kisha vijana wakaanza kurudisha mawe ndani ya shimo.